Mtoto akisema "ticha ananisumbua": hatua za kufuata shuleni, Dar es Salaam

Mtoto wa darasa la tano wa Mbagala au Tandale haji ofisini akasema amefanyiwa ukatili wa kijinsia. Anasema "ticha ananisumbua." Anasema "kanifanyia tabia mbaya." Mara nyingine hasemi kitu kabisa: anaanza kuumwa tumbo kila Alhamisi, siku ya twisheni, au anakataa kupanda basi la shule ambalo mwezi uliopita alikuwa analikimbilia. Kesi nzima inaanzia kwenye maneno madogo ya namna hiyo, na nyingi zinaharibikia hapo hapo.

Nimekuwa mwalimu wa malezi katika jiji hili kwa miaka mingi, na ninaandika haya kwa sababu ya jambo moja nililolishuhudia nikiwa bado mgeni kazini. Binti wa kidato cha pili alimlalamikia mwalimu wake. Mkuu wa shule akatuita walimu watano, binti akaambiwa arudie yote mbele yetu, kisha mwalimu mwenyewe akaingizwa "ajitetee". Binti akainamisha kichwa, akasema alikuwa anatania. Muhula ulipokwisha yule mwalimu alihamia shule nyingine. Hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa popote. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watano, na nilinyamaza.

Shule si polisi wala mahakama. Kazi yake ni kupokea taarifa, kuiandika, kumkinga mtoto na kuifikisha kwa wenye mamlaka. Makosa mengi niliyoyaona yametokana na shule kuacha kazi hizo na kujifanya hakimu. Mwongozo huu ni kwa walimu wakuu, wakuu wa shule, walimu wa malezi, matroni na patroni, wajumbe wa kamati na bodi za shule, na mzazi anayetaka kujua shule ya mwanawe ingepaswa kufanya nini.

Kabla halijatokea

Chagua watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao kila mwanafunzi anajua ndio wa kuendewa. Wasiwe walimu wa nidhamu, kwa sababu mtoto hawezi kumfungulia moyo mtu anayemwona na fimbo kila asubuhi. Serikali imeshatoa mwongozo wa kuanzisha dawati la ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule. Kama kwenu dawati hilo ni bango tu ukutani, anzeni hapo. Mtoto ajue pia namba 116, simu ya kusaidia watoto, ambayo haina malipo. Iandikwe mlango wa choo kwa ndani, mahali anapoweza kuisoma bila kuonekana.

Usiwasahau wasio walimu. Hapa mjini watoto wengi hutoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi, na katikati wanapita mikononi mwa dereva wa basi, mhudumu wa basi, mlinzi, mpishi na mwalimu wa twisheni. Kanuni za mwenendo ziwahusu wote, wazisome na kuzisaini: hakuna kukaa na mwanafunzi mmoja kwenye chumba kilichofungwa, hakuna kumwita nyumbani kwa mwalimu kufua au kupika, hakuna kumtumia ujumbe binafsi usiku, hakuna mtoto wa mwisho kubaki peke yake na dereva.

Anapokuja kusema

Acha unachofanya. Kaeni mahali ambapo watu wanawaona kupitia dirishani lakini hawasikii. Msikilize hadi amalize, kisha mwambie maneno mepesi: "Asante kwa kuniambia. Hujakosea." Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utalazimika kusema na atajiona amesalitiwa mara ya pili. Mwambie ukweli: "Nitawaambia wachache tu, wale wanaoweza kukusaidia, na nitakwambia ni akina nani."

Maswali yako yawe machache. "Nini kilitokea?" linatosha, na baada yake "halafu?" Usimuulize "alikushika hapa?" huku ukionyesha sehemu. Swali la namna hiyo linamwekea mtoto jibu mdomoni, na siku ya kesi wakili wa upande wa pili atauliza maneno yale yalikuwa ya nani. Usimuulize alivaa nini. Usimuulize kwa nini hakupiga kelele, wala kwa nini amekaa miezi mitatu bila kusema. Amekaa kwa sababu anayemtuhumu ndiye anayesahihisha mtihani wake.

Usimwite mtuhumiwa waonane uso kwa uso. Kwenye ugomvi wa watu wazima wawili mtaani, kuwakalisha pamoja kunaweza kusaidia. Mtoto na mwalimu wake hawalingani, na kikao kama hicho humfanya mtoto ajiombee msamaha kwa alichofanyiwa.

Asimulie kwako mara moja basi. Akitoka hapo, wanaohitaji kusikia kwa kina ni polisi na daktari, na kila anayemrudisha kwenye simulizi bila sababu anamuumiza upya.

Wavulana nao huja, ingawa kwa kuchelewa zaidi na mara nyingi kwa kumsemea "rafiki yangu". Wachukulie vilevile. Kama mtoto ni kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama kutoka nje ya shule. Anayetumika kila siku darasani anaweza kuwa rafiki wa mtuhumiwa, au ndiye mtuhumiwa mwenyewe.

Andika siku hiyo hiyo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo shule nyingi zinapoanguka. Chukua daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba, lihifadhiwe kwenye kabati lenye kufuli. Andika tarehe, saa, mahali mlipokuwa, nani alikuwepo, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. Usiyasafishe.

Maandishi mabaya ni haya: "Mwanafunzi anadai kunajisiwa na mwalimu." Hayasemi lolote la kusaidia, na neno "kunajisiwa" hajalitamka mtoto. Yanayofaa ni haya: "Jumanne, saa 4:20 asubuhi, chumba cha malezi. Nilikuwa na mwanafunzi peke yetu, mlango wazi nusu. Alisema: 'Mwalimu alinituma madaftari stoo, akanifuata, akafunga mlango, akanifanyia tabia mbaya.' Nilimuuliza: 'Tabia mbaya ni nini?' Alisema…" kisha uandike alichosema, hata kama mkono unasita kuyaandika maneno yale. Andika ulichokiona pia: analia, anatetemeka, sketi imechanika upande wa kushoto. Maoni yako kuhusu ukweli au uongo wa mtoto usiyaweke. Saini, na mwalimu mkuu asaini kwamba amepokea, na saa aliyopokea.

Saa hiyo ya kupokea ina kazi yake. Jambo likilaliwa wiki mbili, daftari ndilo litakalosema lililaliwa mezani kwa nani. Kama anayelalamikiwa ni mwalimu mkuu mwenyewe, usimpelekee. Nenda moja kwa moja kwa afisa elimu kata, kwa ustawi wa jamii wa halmashauri au polisi.

Usipige picha ya mtoto, usirekodi sauti yake kwa simu yako, na usiandike kitu kwenye kundi la WhatsApp la walimu au la wazazi. Nimeona picha ya mtoto ikizunguka kutoka kundi hadi kundi, mtaa mzima ukamjua kabla polisi hawajamwona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, aibu ile haifutiki.

Mtenganishe mtuhumiwa na mtoto

Anayesogezwa ni mtu mzima. Shule nyingi hufanya kinyume: mtoto anahamishwa mkondo, anahamishwa bweni, anaambiwa apumzike nyumbani "hadi mambo yatulie", na wenzake wanaelewa kwamba mwenye kosa ni yeye. Mwalimu ndiye aondolewe kwenye vipindi vya darasa lile, zamu ya bweni na twisheni wakati hatua rasmi zinasubiriwa, na asikabidhiwe jukumu lolote la kumkutanisha na mashahidi.

Kwa shule binafsi, mwajiri anaweza kumsimamisha mfanyakazi kupisha uchunguzi huku akimlipa mshahara wake wote. Wamiliki wengi hawapendi kusikia habari ya mshahara, lakini kumsimamisha si kumhukumu. Mtuhumiwa naye ana haki. Usimtangaze paredi kuwa ni mkosaji, usimtoe mbele ya wanafunzi kwa kelele, na mwambie wazi asiwasiliane na mtoto wala familia yake, hata kwa kuomba radhi.

Fikisha taarifa nje ya shule

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Kwa hiyo mwalimu anayetoa taarifa hajaisaliti shule yake, ametii sheria. Na huna haja ya kuwa na uhakika kwanza, maana uchunguzi una wenyewe.

Likiwa ni kosa la jinai, kama kubaka, kulawiti, kumshika mtoto sehemu za siri au kumpiga hadi kumjeruhi, nenda polisi siku hiyo hiyo, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Hapa jijini madawati haya yako kwenye vituo vikubwa vya polisi. Ukifika kituo kidogo wakakwambia hawana, waombe wakuelekeze lilipo. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na jina la askari aliyekuhudumia, na uviandike kwenye daftari lako.

Sambamba na hilo, mjulishe afisa elimu kata na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni. Ustawi wa jamii ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: ndiye atakayekaa na mtoto hospitali, polisi na mahakamani, na ndiye atakayetafuta pa kumweka kama nyumbani si salama.

Mwalimu au mhadhiri akidai ngono ili atoe alama, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea kwa namba 113, bila malipo. Njia hii inafaa hasa kwa wanafunzi waliokwisha kutimiza miaka 18, kidato cha tano, cha sita na vyuoni, ambao watu huwaambia "we mtu mzima, ungekataa".

Hospitali, na saa 72

Kama kuna kuingiliwa kimwili, saa zinahesabika. Dawa za kinga dhidi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Kuna pia dawa ya kuzuia mimba ya dharura na vipimo vya magonjwa mengine. Usisubiri baba arudi kutoka safari, wala kikao cha bodi cha Jumamosi.

Mtoto asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kuonwa na daktari. Kama alishabadilisha, nguo zile zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki unatunza unyevu na ushahidi unaoza. Polisi watatoa fomu PF3, ambayo daktari ataijaza. Kama mtoto anavuja damu au hali yake ni mbaya, hospitali kwanza, PF3 itafuata. Hospitali ya Amana, Ilala, ina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo tiba, polisi na ustawi wa jamii viko pamoja, mtoto asizungushwe mjini na daladala akirudia habari yake kila dirisha.

Mzazi au mlezi aitwe mapema, aambiwe na mtu mmoja, ana kwa ana na si kwa simu. Atakasirika. Wengine humkasirikia mtoto, na hilo ulitegemee: mwambie mbele ya mtoto kwamba mtoto amefanya jambo sahihi.

"Tuyamalize kifamilia"

Siku ya pili au ya tatu watakuja wajumbe. Mzee wa heshima, shemeji wa mwalimu, pengine mtu wa mtaa, na bahasha. Watasema kijana ana watoto wadogo, na jina la shule litachafuka. Watasema yuko tayari kumwoa binti.

Waambie wazazi mambo haya kwa utulivu. Ridhaa ya mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 haitambuliki kisheria, kwa hiyo "walikubaliana" si utetezi. Kubaka kunabeba kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari nako kunabeba miaka 30, kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Ndoa inayopendekezwa ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Na anayepokea fedha ili shauri la jinai lifichwe anajiingiza mwenyewe kwenye hatari.

Halafu waambie jambo ambalo huwatia moyo zaidi: mahakama zetu zinaweza kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto mwenyewe kwenye makosa ya kujamiiana, zikiridhika kwamba anasema kweli. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa lazima utoke kwa aliyebakwa. Mtoto mwenye miaka 14 au chini ya hapo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema ukweli na si uongo, na ushahidi wa makosa haya husikilizwa kwa faragha. Wazazi wengi wanaghairi kwa kudhani binti atasimamishwa mbele ya umati.

Na fimbo?

Watu huuliza kama viboko vinaingia humu. Vinaingia. Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa mara moja, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu chake. Kinachozidi hapo, kama makofi, mateke, fimbo za kichwani, au mwalimu wa zamu kuchapa darasa zima getini kwa kuchelewa daladala, kiko nje ya kanuni na kinapaswa kupokelewa kama malalamiko mengine. Mwaka 2018, Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Mimi binafsi ningependa fimbo itoke kabisa shuleni, lakini hata anayeitetea hana pa kusimama kanuni inapovunjwa.

Nidhamu ya kazini

Kesi ya polisi na shauri la nidhamu ni vitu viwili. Kimoja hakisubiri kingine, na mtu akiachiwa mahakamani kwa kukosekana ushahidi bado anaweza kuwa amevunja maadili ya kazi yake.

Mwalimu wa shule ya umma yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na ofisi zake ziko wilayani. Mwalimu mkuu anaweza kushughulikia makosa madogo kwa onyo au karipio. Uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi si kosa dogo, na mwalimu mkuu anayelimaliza kwa barua ya onyo amechukua madaraka yasiyo yake. Peleka faili Tume: maandishi ya daftari, barua ya mwalimu ya kujieleza, maelezo ya mashahidi.

Shule binafsi, soma hapa taratibu. Hasira ya siku ya kwanza imewafanya wamiliki wengi kumfukuza mtu kwa ujumbe wa simu. Ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kule anaweza kushinda si kwa sababu hakutenda, ila kwa sababu hakusikilizwa. Mpe tuhuma kwa maandishi. Mpe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Aje na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kikao kiwe na kumbukumbu zilizosainiwa. Mtoto asiitwe kwenye kikao hicho.

Akirudi darasani

Kutoka taarifa hadi hukumu ni safari ndefu, na katikati yake mtoto anapaswa kuendelea kusoma. Mteue mwalimu mmoja wa kumwona kila wiki, hata kwa dakika tano, kumuuliza habari za masomo na si za kesi. Kataza utani na majina ya kubandikwa, na uangalie chumba cha walimu kabla ya darasa, kwa maana minong'ono mingi huanzia kwetu. Siku za mahakama zisihesabiwe utoro. Kama kuna mimba, mlango haujafungwa: tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu binti aliyejifungua kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule.

Na kuhusu yule mwalimu aliyehamia shule nyingine. Kabla ya kuajiri mtu yeyote atakayekaa na watoto, awe mwalimu, matroni au dereva, mpigie mkuu wa shule ya mwisho alikotoka na umuulize maswali mawili kwa sauti: "Aliondokaje kwenu? Kuna lalamiko lolote lililomhusu yeye na wanafunzi?" Akisita, subiri, usimsaidie kujibu. Andika alichosema, tarehe na jina lake, kisha uliweke jibu hilo kwenye faili la mwombaji.